Programu Hii Kaandika Nani? Mwenendo wa Wanachuo wa Kompyuta, Handeni na Korogwe

Mwanachuo amekabidhi programu inayokokotoa wastani wa alama za darasa. Imeendeshwa mbele ya mkufunzi na majibu yametoka sahihi. Mkufunzi anaonyesha kidole kwenye kioo na kuuliza: mstari huu wa saba unafanya nini? Kimya. Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo watakaosema kijana kadesa, apewe sifuri. Wapo watakaosema kasaidiwa na wenzake, na kusaidiana si kosa. Siku hizi lipo na kundi la tatu, linalosema kafanya kile ambacho waandishi wa programu hufanya kila siku: kachukua kilichokwisha kuandikwa, kakitumia, kazi imekwisha.

Mzazi naye ana lake. Amelipa ada, ameuza mahindi au mbuzi ili kompyuta ya mkononi ipatikane, kisha anaambiwa mtoto ana sapu kwa sababu ya kunakili programu. Kwake kompyuta ndiyo ifanyayo kazi. Sasa mtoto ameiba nini, na kwa nani?

Mkanganyiko huu haukuzuka hivihivi. Kanuni za mitihani katika vyuo vyetu vingi zilitungwa kwa ajili ya chumba cha mtihani: usiingie na simu, usiingie na kibuti, usimfanyie mwenzako mtihani. Programu haiandikwi humo. Huandikwa maabara, bwenini, kwenye kompyuta ya kuazima, au usiku wa manane wakati bando ni la bei nafuu. Kanuni inayomlinda msimamizi wa chumba cha mtihani haimsaidii mkufunzi aliyepokea faili arobaini kwenye flashi moja, zote zikifanana kama zimepita mkononi mwa mtu mmoja. Na huenda zimepita kweli.

"Kusoma kompyuta" ni kusoma nini

Handeni na Korogwe zinatenganishwa na barabara ya lami ya kilomita 65. Korogwe ina chuo cha ualimu cha serikali. Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo 54 vya aina hiyo nchini, mpango ulioanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Sweden hiyohiyo, kupitia shirika lake la Sida, ndiyo iliyofadhili mradi ulioanza mwaka 2005 wa kupeleka kompyuta na intaneti katika vyuo vya ualimu vya serikali. Kwa hiyo kompyuta si ngeni katika vyuo vya huku. Kilicho kigeni ni kudaiwa kuiandikia programu.

Tofauti hiyo ina uzito. Katika kozi nyingi fupi za vyuo vya wananchi na vya ufundi stadi, kompyuta maana yake ni kuandika barua, kupanga jedwali la hesabu na kuchapa. Nidhamu inayotakiwa hapo ni ya vifaa: usiingize flashi yenye virusi, usile kwenye maabara, zima mashine ukiondoka. Kunakili si tatizo kubwa, kwa sababu anayejua kupanga jedwali anaonekana akilipanga. Kundi la pili ni vijana wa wilaya hizi wanaokwenda Tanga, Arusha, Dodoma au Dar es Salaam kusoma cheti na stashahada za TEHAMA katika vyuo vinavyosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, zamani NACTE, au shahada katika vyuo vikuu. Hao huandika programu tangu muhula wa kwanza, na baadhi yao hurudi nyumbani kufanya fildi kwenye halmashauri.

Kundi la tatu, la walimu tarajali, ndilo linaloufanya mjadala huu kuwa wa Handeni na Korogwe hasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, na Sayansi ya Kompyuta imo katika masomo ya sekondari, ikiwa na sehemu ya kuandika programu. Somo hilo linahitaji walimu, na walimu hutoka vyuoni. Aliyenakili programu zote za stashahada yake kisha akaajiriwa na kampuni ya programu atagundulika ndani ya miezi michache, maana bosi wake atataka kazi ifanyike. Mwalimu aliyenakili hagunduliki upesi hivyo. Atapewa kitabu cha kiada, atakiandika ubaoni kama kilivyo, na wanafunzi watakikariri. Anaweza kufundisha hivyo mpaka anastaafu. Kwa sababu hiyo hoja ya mwenendo katika somo hili ina uzito zaidi mahali ambapo walimu hutengenezwa kuliko hata kwenye vyuo vikuu vya teknolojia, ingawa kelele nyingi za wizi wa kazi za kitaaluma husikika huko vyuo vikuu.

Programu si insha

Wengi wanaotunga kanuni huichukulia programu kama insha: maneno yakifanana, mmoja kanakili. Kwa insha ndefu ni kweli. Kwa programu ya anayeanza si kweli hata kidogo.

Chukua zoezi la kujumlisha alama za masomo saba na kugawa kwa saba. Njia za maana za kuliandika hazifiki tano. Wanachuo thelathini wakiketi vyumba thelathini, wakiwa wamefundishwa na mkufunzi mmoja kwa mfano mmoja ubaoni, wataleta programu zinazokaribiana sana, na majina waliyoyapa matokeo yatakuwa "jumla" na "wastani", kwa sababu ndiyo majina yanayokuja. Kufanana huko hakuthibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni makosa. Wawili wakiandika "wastni" bila "a" mahali palepale, pana la kuuliza. Wakiacha mstari uleule usio na kazi, uliobaki kutoka jaribio lililoshindikana, pana la kuuliza zaidi. Na programu ya mmoja ikitafuta faili kwenye folda yenye jina la mwenzake, hapana tena la kuuliza. Mkufunzi mzoefu hasomi kufanana kwa mazuri, husoma kufanana kwa mabaya.

Zipo zana za kusaidia. MOSS ilitengenezwa na Alex Aiken mwaka 1994 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. JPlag ilianzia Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1996. Zote mbili hulinganisha muundo wa programu, kwa hiyo kubadili majina tu hakuzihadai. JPlag ina faida ya ziada kwa chuo chenye intaneti ya kubahatisha: huendeshwa kwenye kompyuta ya chuo chenyewe bila kutuma kitu nje. Ila zana hizi hazihukumu. Hutoa orodha ya kazi zinazofanana na kumwachia binadamu aamue. Chuo kitakachoamua kuwa mfanano wa asilimia fulani ni hatia kitawaadhibu wasio na kosa kwenye mazoezi mepesi na kuwaachia wajanja kwenye miradi mikubwa.

Liko jambo la pili linaloitenga programu na insha. Katika ufundi huu, kutumia tena kilichoandikwa ni sifa. Hakuna anayeandika upya njia ya kupanga majina kwa alfabeti wakati lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, imekuja nayo tayari. Programu huria zimejengwa juu ya ruhusa hiyo: chukua, badili, tumia, ila jina la mwandishi wa kwanza na masharti yake yabaki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta kama kazi za mtu. Ruhusa ya kuchukua na wajibu wa kutaja vilizaliwa pamoja, na wanachuo wengi wameshika ruhusa wakaacha wajibu.

Hoja ya "kila mtu na yake"

Msimamo wa kwanza ni mkali na rahisi kutangaza: kila zoezi lifanywe na mtu mmoja peke yake, asiulize, asionyeshe, asiguse intaneti. Atakayekutwa amefanana na mwenzake, wote wawili sifuri.

Nguvu ya msimamo huu isidharauliwe. Unamlinda yule anayekesha na kazi yake asije akalingana alama na aliyelala. Unampa mkufunzi neno la kusimamia. Na unasema ukweli mmoja ambao wapenda mjadala husahau: kuandika programu hujifunzwa kwa kukwama. Saa mbili za kutafuta kosa la nukta moja zinafundisha kuliko mihadhara mitatu, na anayepewa jibu kabla ya kukwama amenyang'anywa somo lenyewe.

Udhaifu wake unaanzia kwenye chumba. Agizo la "peke yako" linadhani kila mtu ana mashine. Pale wanachuo watatu au wanne wanapozunguka kompyuta moja ya maabara, hakuna peke yako. Wote wanaona kioo kimoja. Matokeo yake kanuni inamwangukia maskini: aliyenunua kompyuta yake ananakili chumbani mlango umefungwa, asiye nayo ananakili hadharani kwenye maabara na kukamatwa. Umeme nao una yake. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, lakini ukaribu wa mtambo haukuiepusha Korogwe na mgao wa mwishoni mwa 2023, wala na hitilafu ya gridi ya Taifa ya Aprili 1, 2024. Kazi inayotakiwa kesho asubuhi na umeme umekatika tangu jana jioni humsukuma hata mwaminifu aombe faili la mwenzake.

Msimamo huu pia unapigana na malezi. Tangu shule ya msingi mtoto hufundishwa kuwa anayeficha daftari ni mchoyo. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lilikosoa elimu inayojenga ubinafsi na kusisitiza ushirikiano, na makundi ya diskasheni yamewavusha vijana wengi mitihani ya kidato cha nne na cha sita. Kijana huyohuyo akifika chuoni anaambiwa kuwa kumwonyesha mwenzake ni kosa la kitaaluma. Haelewi, na hana sababu ya kuelewa kama hakuelezwa.

Halafu kuna soko. Jirani na vyuo vingi nchini kuna steshenari ambako kwa malipo hutengenezwa ripoti za fildi, utafiti, na sasa programu. Ukimkataza mwanachuo kumuuliza rafiki yake, hujamfanya afanye mwenyewe, huenda umempeleka kwa muuzaji. Na rafiki angalau angemweleza kidogo.

Pamoja na hayo, uhaba usibebeshwe lawama yote. Katika muhula mmoja wa mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 60 wa somo la CS50 la Harvard walifikishwa mbele ya baraza la nidhamu ya kitaaluma kwa tuhuma za kunakili. Wale hawakukosa kompyuta wala umeme. Walikosa muda, au waliogopa kushindwa, au waliona wenzao wakifanya. Sababu hizo zipo na huku, na hazitaondoka siku maabara zitakapojaa mashine mpya.

Hoja ya mlango wazi

Upande wa pili wanasema: acheni vijana watumie kila kitu. Kazini hakuna anayekatazwa intaneti. Tangu mwaka 2008 waandishi wa programu wamekuwa wakichukua majibu kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu, bila kuona haya, na tangu Novemba 30, 2022, ChatGPT ilipotoka, jibu halitafutwi tena, linaagizwa. Chuo kinachokataza zana za kazini kinamwandaa mtu kwa kazi isiyokuwapo.

Hoja hii ina ukweli, na wakufunzi wanaoicheka wanakosea. Kusoma programu ya mwingine na kuielewa ni ujuzi kamili, pengine mgumu kuliko kuandika ya kwako, na vyuo huufundisha kidogo mno. Kwa mwanachuo ambaye Kiingereza chake ni cha shida, akili mnemba inayomfafanulia kwa Kiswahili ujumbe wa kosa uliojaa istilahi ni mkufunzi wa ziada asiyechoka. Anayelipa bando la siku kwa ajili ya maelezo hayo hakufanya ubaya wowote.

Tatizo ni kwamba hoja inamfananisha mwanafunzi na fundi. Fundi huchukua kipande cha msimbo akijua anachokichukua: akikiona kibovu hukikataa, na kikiharibika hukitengeneza. Anayeanza hana kipimo hicho. Aliyepakiwa kwenye keria ya baiskeli hufika Korogwe saa ileile na anayekanyaga pedali, lakini mwachie usukani uone. Hata Stack Overflow, makao makuu ya kuchukuliana, walipiga marufuku majibu ya ChatGPT mwezi Desemba 2022, siku chache tu baada ya kutoka kwake, kwa sababu yalikuwa yakionekana sahihi huku mengi yana makosa. Kama mafundi walihitaji ulinzi huo, muhula wa kwanza wa stashahada utauhitaji zaidi.

Na usidhani itagunduliwa kirahisi. OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliifunga Julai 2023 zana yao ya kutambua maandishi ya akili mnemba, kwa kuwa ilikosea mno. Kwa programu fupi za wanaoanza hali ni mbaya zaidi, maana nyingi ni mistari kumi na mbili na haziachi alama. Mkufunzi anaweza kushtuka akiona mbinu ambayo hajaifundisha, au maelezo ya Kiingereza kilichonyooka kupita kile cha mwandishi kwenye karatasi ya mtihani. Mshtuko ni sababu ya kuuliza tu, hauwezi kuwa sababu ya kuadhibu. Chuo kitakachomfukuza mtu kwa ushahidi wa zana ya kutambua akili mnemba kijiandae kwa rufaa, na kinastahili kushindwa.

Mlango wazi una udhaifu mwingine, wa kawaida kabisa: hudumu mpaka intaneti ikatike. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Aliyejifunza kuagiza tu siku hizo hakuwa mwandishi wa programu. Aliyejifunza kuandika aliendelea.

Nani anashika kibodi

Kati ya misimamo hiyo miwili iko kazi ya kundi, ambayo wengi huiona suluhisho la uhaba wa mashine. Ni suluhisho la mashine, si la kujifunza. Wanne wakipewa kompyuta moja, mmoja anashika kibodi, mwingine anaamrisha, wawili wanaandika majina yao kwenye kazi. Wiki ya sita utamkuta aliyeshika kibodi ni yuleyule. Mara nyingi ni aliyewahi kuwa na kompyuta nyumbani, na mara nyingi ni mvulana, huku mwanachuo wa kike akipewa kazi ya kuandika ripoti kwa kuwa "mwandiko wake mzuri". Hakuna kanuni ya udanganyifu iliyovunjwa, na bado nusu ya kundi haikusoma.

Dawa yake inajulikana. Uandishi wa wawili wawili, uliofanyiwa utafiti wa miaka mingi na Laurie Williams wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, unamtaka mmoja aandike na mwingine amwelekeze, kisha wabadilishane. Kubadilishana ndiyo roho yake. Bila hiyo ni kundi lilelile kwa sura ndogo. Mkufunzi anayetaka kanuni moja tu ya maabara achukue hii: kila baada ya muda uliopangwa, kibodi ihame. Haihitaji fedha wala kibali, inahitaji saa ya ukutani na ukali kidogo. Naona ina faida kuliko matangazo yote ya "ni marufuku kunakili" yaliyobandikwa mlangoni.

Makosa yasiyotajwa

Mjadala wa kunakili umekuwa mkubwa hadi umefunika mwenendo mwingine ambao madhara yake kwa watu wa nje ni makubwa zaidi. Mwanachuo akienda fildi kwenye kituo cha afya au shule, mradi wake huhitaji taarifa: majina ya wagonjwa, alama za wanafunzi, namba za simu za wazazi. Anazichukua kwenye flashi, anarudi nazo bwenini, anazitumia kujaribu programu, na zinabaki humo hata flashi ikiazimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa aliyezikusanya na aliyezitoa. Njia iliyo salama ni nyepesi: tunga majina ya uongo na namba za uongo, programu haitajua tofauti.

Nywila nazo. Kuazimana nywila ya maabara huonekana urafiki, na kubahatisha nywila ya mkufunzi huonekana ujanja wa kijana mwenye kipaji. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama hukuiba kitu. Wanachuo wengi hawajui, na wa kuwajulisha ni chuo, mapema, kabla polisi hawajafanya kazi hiyo.

Kwenye mizani

Ukiyaweka yote pamoja, swali "alitumia nini?" linaonekana kuwa bovu. Halina jibu linaloweza kuthibitishwa, na likijibiwa halisemi kama mtu amejifunza. Swali linalobeba uzito ni kama mwanachuo anaweza kuitolea hesabu kazi aliyoileta: aeleze kila mstari, na aibadilishe akiambiwa. Mfumo wa NACTVET unajiita wa umahiri, na umahiri ni wa kuonyeshwa. Mwalimu tarajali ndiye anayehitaji jambo hili kuliko wote, kwa sababu kueleza ndiko kazi yake ya kesho.

Mtihani wa kalamu na karatasi, ambao vyuo vingi huutegemea kuwachuja walionakili, haufanyi kazi hiyo vizuri. Mtu anaweza kukariri programu sita za mitihani iliyopita na kuimwaga mojawapo bila kuielewa. Kumwambia "sasa ifanye ichukue masomo manane badala ya saba, na imkatae anayeingiza alama zaidi ya mia" humtenganisha aliyekariri na anayejua kwa dakika tano.

Dakika hizo tano ndizo gharama. Darasa la wanachuo 60 ni saa tano za kuuliza kwa zoezi moja, na mkufunzi mwenye madarasa matatu hawezi kuzipata kila wiki. Kwa hiyo wanaoitwa wawe wachache, kwa kura, mbele ya darasa, kila wiki. Kila mmoja akijua kwamba jina lake linaweza kutoka, anayekuja na kazi asiyoielewa anacheza bahati nasibu kila Jumatatu. Mradi wa mwisho tu ndio uulizwe kwa wote. Mpango huu utawaumiza wenye haya na wanaobabaika mbele ya mkubwa, na unampa mkufunzi nafasi ya upendeleo. Madhara hayo yapunguzwe kwa kuruhusu maelezo ya Kiswahili pale mtu anapokwama kwa lugha, na kwa kuandika swali lililoulizwa na jibu lililotolewa ili mwenye malalamiko awe na cha kushika. Hayataisha. Nikilinganisha na mfumo unaowapa alama sawa aliyeandika na aliyenakili, nayachukua.

Swali hilo la kuitolea hesabu kazi likishika nafasi yake, ukali wa marufuku unaweza kulegea panapostahili. Mazoezi ya kila siku yafanywe kwa mjadala upendavyo, hata na akili mnemba, na yasibebe alama nyingi. Kazi za alama zijadiliwe kwa mdomo, kisha kila mtu aandike yake, na chini ataje aliyemsaidia na alichochukua. Mradi uwe huru kabisa, kwa sharti la kutaja na kujibu. Mpaka unaojulikana hulindika kuliko ukuta ambao hata aliyeujenga anajua una tundu.

Adhabu inahitaji neno lake. Vyuo hupenda adhabu kubwa itolewayo mara chache: mmoja anadisko, wengine hamsini wanapumua. Iliyo ndogo na ya hakika ina nguvu zaidi. Mwaka 2014 somo la CS50 liliweka kipengele kwamba anayekiri mwenyewe ndani ya saa 72 anaweza kupoteza alama za kazi hiyo bila kupelekwa mbele zaidi. Kwenye chuo kidogo ambako kila mtu anamjua kila mtu, kukiri kunaweza kugeuka jina la utani la miaka mitatu, kwa hiyo kipengele kama hicho kitafaa huku kikiwa siri kati ya mwanachuo na mkufunzi. Ila kisitumike mara mbili kwa mtu yuleyule.

Kuna pia suala la aliyetoa. Kanuni nyingi humwadhibu aliyeonyesha sawasawa na aliyenakili, na hapo naona zinapita kiasi. Wa mwaka wa kwanza akiombwa faili na kaka wa chumba kimoja, au na mtu wa kijiji kimoja aliyemlipia nauli kuja chuoni, kukataa si jambo la dakika moja. Aliyetoa aonywe. Aliyeuza, na wapo wanaouza, huyo ni mwingine kabisa.

Yote haya yaandikwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yasomwe wiki ya kwanza kabla ya zoezi la kwanza, na yamfunge mkufunzi pia. Mihadhara mingi ya somo hili ina mifano iliyochukuliwa intaneti neno kwa neno, bila jina la aliyeiandika. Mkufunzi anayedai vyanzo kwa wanachuo aanze kwa kuweka vyake kwenye slaidi ya kwanza, na mwanachuo atakayenyoosha mkono kuuliza "huu mstari wa saba unafanya nini, mwalimu?" ajibiwe.